Jini, Mlima, Mhunzi au Moto wa Nyika: Kumchagulia Uwezo Jemadari wa Kipepo

Mwandishi wa Moshi au Arusha anayeanza riwaya yake ya kwanza ya fantasia hufika mahali ambapo anamhitaji adui mkubwa, na mara nyingi adui huyo huja akiwaka: ana pembe, ana upanga wa ndimi za moto, na kila anapokanyaga nyasi zinateketea. Sura ya kwanza huwa nzuri. Tatizo huanza sura ya tatu, kwa kuwa kiumbe awezaye kuchoma kila kitu hana sababu ya kuzingira mji, kutuma wajumbe, kuogopa usaliti wala kusubiri shujaa akue. Msomaji huuliza kwa nini hajaiteketeza nchi nzima tangu juzi, na mwandishi hubaki akimwongezea adui moto zaidi ili kuliziba swali hilo, jambo ambalo hulifanya liwe gumu zaidi.

Njia ya kutoka hapo ni kuacha kuuliza moto wa adui una ukali kiasi gani na kuuliza ni moto wa aina gani. Ninazilinganisha hapa aina nne ambazo mwandishi wa huku kwetu anaweza kuzijenga bila kuazima kwa watu wa mbali, na ninazipima zote kwa kipimo kimoja. Mhusika huyu ni jemadari; ana askari, na askari, hata wakiwa mapepo matupu, wanapaswa kukusanywa, kusogezwa, kulishwa kitu fulani, kutiishwa, na baadhi yao kuachwa nyuma walinde nchi iliyotekwa. Uwezo usiosaidia lolote kati ya hayo ni pambo, hata kama mwanga wake unapofusha macho.

Jini wa moto usio na moshi

Aina ya kwanza ndiyo iliyo karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili. Kurani, katika Sura ya 55 aya ya 15, inaeleza kwamba majini yaliumbwa kwa moto usio na moshi, na juu ya msingi huo masimulizi ya pwani na ya bara yamewapa majini uwezo ambao hauhitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote aliyelelewa huku: kutoonekana, kubadili umbo, kwenda mbali kwa muda mfupi, na kumpanda mtu. Jemadari wa namna hii habebi moto mkononi, kwa sababu moto ndio asili yake. Anaweza kukaa barazani mwa adui jioni nzima bila hata blanketi kuungua.

Kwa upande wa vita, silaha yake kuu ni kasi. Katika Sura ya 27, Nabii Suleimani anapouliza nani atamletea kiti cha enzi cha malkia wa Sabaa, Ifriti katika majini anajitolea kukileta kabla Suleimani hajainuka mahali pake; lakini mwenye elimu ya Kitabu anasema atakileta kabla jicho halijapepesa. Mwandishi makini ataona hapo kwamba nguvu kubwa ya jini tayari imewekewa mpaka, na mpaka wenyewe ni elimu wala si nguvu kubwa zaidi. Sura ya 34 inafaa zaidi kwa mtu anayeandika kuhusu jeshi. Majini yanamfanyia Suleimani kazi ya kujenga na kutengeneza vyungu vikubwa visivyohamishika. Suleimani anafariki akiwa ameegemea fimbo yake, nayo hayatambui, yanaendelea kutaabika hadi mdudu wa ardhini anapoitafuna fimbo na mwili kuanguka. Jeshi zima linamtii aliyekwisha kufa kwa sababu halijui ghaibu. Sijui kisa kingine kinachoonyesha vizuri hivyo jinsi kiumbe mwenye nguvu za kutisha anavyoweza kuwa na upofu wa kawaida kabisa.

Upungufu wake uko kwenye ardhi. Jini halihitaji shamba, halihitaji njia ya kupitisha mizigo, na kwa hiyo ni vigumu kueleza kwa nini liteke nchi na kuikalia. Kuna pia jambo la adabu. Wasomaji wengi wa Moshi na Arusha, Waislamu kwa Wakristo, hawayachukulii majini kuwa kitu cha kubuni, na mwandishi anayeyatungia kanuni za ovyo, kwa mfano kwamba yanauawa kwa risasi ya fedha, atawapoteza wasomaji hao kabla hajafika katikati ya kitabu. Ukichagua aina hii, heshimu kile kinachojulikana, au umpe kiumbe wako jina jingine na asili nyingine.

Jemadari wa volkano

Huyu ndiye anayeandikwa vibaya kuliko wote, na hilo linashangaza kwa watu wanaoamka kila siku mbele ya Meru au Kilimanjaro. Lava ya vitabuni ni nyekundu, nzito, na huyeyusha kila inachokigusa. Ol Doinyo Lengai, ulioko kaskazini mwa Mkoa wa Arusha, unatoa picha tofauti kabisa. Lava yake ni ya kabonatiti, yaani iliyojaa madini ya kaboneti, yenye sodiamu nyingi, na hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi, takriban nusu ya lava ya kawaida ya basalti, ambayo huzidi 1,100. Mchana inaonekana nyeusi au ya kahawia iliyokolea, na wekundu wake hafifu hujitokeza usiku tu. Inatiririka kwa wepesi kama mafuta ya kupikia, kisha, ikipata unyevu wa hewani, inaanza kugeuka nyeupe ndani ya saa au siku chache. Sufuria ya alumini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660, isingeyeyushwa na joto la lava hiyo peke yake, wala shaba, wala dhahabu. Mtu, hata hivyo, asingepona.

Fikiria jemadari aliyejengwa juu ya ukweli huo. Mto wake wa moto unashuka mchana ukiwa mweusi, bila mwali, bila kumulika chochote, na kikosi kinachoulinda mlima kinaudhani kuwa kivuli cha wingu hadi watu wa mbele wanapoanza kupiga mayowe. Asubuhi ya pili bonde lote ni jeupe. Adui wa namna hii anatisha kuliko yule wa rangi nyekundu, kwa sababu msomaji hajawahi kumwona, ingawa mlima wenyewe upo na watu wanaupanda.

Hata hivyo, kama kiongozi wa jeshi, jemadari wa volkano ana kasoro kubwa mbili. Ya kwanza ni kwamba mlima hauendi vitani. Lava inateremka, haipandi. Inafuata makorongo, haifuati amri. Na nguvu yake inaishia pale mteremko unapoishia. Ya pili ni muda. Meru ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Lengai ulikuwa na milipuko mikubwa ya majivu mwaka 1917, 1940, 1966 na 1967, kisha 2007 na 2008, na kabla ya huo wa mwisho, Julai 2007, tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6 lilisikika Arusha na hata Nairobi. Uwezo wa namna hii unajitangaza kabla ya kufika, na ukishatumika unahitaji miaka mingi kurudi. Surtr wa ngano za Skandinavia, anayelinda mpaka wa nchi ya moto kwa upanga unaowaka, yuko katika kundi hili pia: anatoka mara moja tu, siku ya mwisho, anamuua mungu Freyr na kuichoma dunia. Kwa shairi la kale inatosha. Kwa riwaya ya sura arobaini, mwandishi atalazimika kumweka adui wake mlangoni sura thelathini na tisa.

Silaha yake ya masafa marefu ni majivu, ambayo waandishi wengi huyapita haraka. Majivu husafiri na upepo, huangukia malisho, huingia katika maji ya mifugo, na huwafukuza watu bila kuchoma hata boma moja. Milipuko ya 2007 na 2008 iliwahamisha wafugaji kwa namna hiyo hiyo. Mwandishi atakayemchagua jemadari wa volkano amfanye bwana wa ngome, anayengojwa na kuogopwa, na majivu yake yatangulie mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kufika.

Jemadari mhunzi

Aina ya tatu haina mvuto wa haraka. Moto wa mhunzi hauonekani uwanjani kwa sababu unabaki tanuruni, na anachokimiliki si mwali bali joto linalodhibitiwa kwa mkaa na mivukuto. Hapa kuna somo la kiufundi ambalo linamfaa mtunzi. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, kiwango ambacho matanuru ya kale ya Afrika Mashariki hayakuhitaji kukifikia: yalilipandisha jiwe la chuma hadi karibu nyuzi 1,200, uchafu ukayeyuka na kutiririka, likabaki bonge la chuma lenye matundumatundu ambalo lilifuliwa kwa nyundo hadi likashikamana. Nguvu yote iko katika kujua wakati. Mhunzi anausoma moto kwa rangi. Kipande chenye wekundu uliofifia kiko karibu na nyuzi 600 na bado kinagoma chini ya nyundo. Kikifika rangi ya chungwa, karibu 950, kinafulika. Kikiwa cha manjano, karibu 1,100, kinakubali umbo lolote. Kikianza kurusha cheche nyeupe kimeungua, na fundi anakitupa kando huku akilaani.

Sasa mpe jemadari wako uwezo mmoja tu: kuhisi na kubadili joto la kila kipande cha chuma kilicho mbele yake. Chuma cha pua kinapofika nyuzi 600 hupoteza takriban nusu ya uimara wake, ingawa kwa macho kimebadilika kidogo tu. Hahitaji kurusha mpira wa moto. Mikuki ya adui inapinda inapogonga ngao, mpini unafuka moshi kwenye kiganja, bawaba za lango zinalegea, kufuli linaachia lenyewe, na hakuna mwali wowote uliowaka. Uwezo huo una mipaka iliyo wazi, kwa kuwa hauigusi mishale ya mbao ngumu, rungu wala jiwe la kombeo, na shujaa atakayeugundua mpaka huo atakuwa ameupata kwa akili yake, wala si kwa bahati.

Historia ya mkoa wetu inampa mhunzi jambo ambalo jini na volkano hawana, nalo ni sababu ya kutaka utawala. Kwa mujibu wa mapokeo ya Ugweno, katika milima ya Upare Kaskazini, ukoo wa wahunzi wa Washana ndio uliotawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Chuma cha Ugweno kilipanda hadi Uchaggani, ambako mafundi walikifua kuwa majembe na mikuki. Kwa Wamaasai, kinyume chake, wahunzi wanaoitwa Ilkunono waliwatengenezea wenzao mikuki na sime zote, huku wakitengwa, wakioana wao kwa wao, na aliyepokea silaha kutoka kwao akijipaka mafuta mikononi kwanza ili asipatwe na unajisi. Katika eneo moja dogo, basi, tuna mhunzi aliye mtawala na mhunzi aliye mtengwa. Pepo anayewaendea watu wanaotengeneza silaha za wote lakini hawaruhusiwi kuoa kwa yeyote, akawaahidi kwamba kila walichokifua kitawatii, amepata jeshi kabla hajawasha hata kijinga kimoja. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko pembe na mabawa.

Gharama yake pia inaandikika. Tanuru linakula mkaa, mkaa unakula msitu, na jeshi linalotegemea tanuru lazima lilinde njia ya mkaa usiku na mchana. Sura nzima inaweza kupatikana kwa watoto wachache wanaoilowesha mifuko ya mkaa njiani.

Moto wa nyika

Huyu wa nne ni rahisi kueleweka, maana tunamjua. Oktoba 2020 moto uliwaka katika mlima Kilimanjaro, ukala vichaka vya erika kwa siku nyingi na kuunguza eneo la takriban kilomita za mraba 95, huku mamia ya watu wakijitolea kupanda kwenda kuuzima. Mwezi kama huo mwaka 2022 ukawaka mwingine. Moto wa namna hiyo hupanda mteremko kwa kasi kuliko unavyoteremka, hujificha katika mizizi na kuzuka siku ya tatu mahali palipodhaniwa pamepoa, na moshi wake hufika kabla yake.

Moshi ndio unaostahili kuandikwa. Katika hadithi ya kale ya Kichina ya mtawa anayesafiri kwenda Magharibi kufuata vitabu vitakatifu, yuko pepo mwenye sura ya mtoto ambaye moto wake haukuzimwa na mvua ya majoka, bali ulizidi kuwaka. Na nyani shujaa, ambaye moto ulikuwa haumwezi, alizidiwa na moshi. Mtunzi yule wa zamani alielewa kwamba mwili unaweza kuukinza moto na bado ukahitaji pumzi.

Lakini moto wa nyika haumtii mtu. Upepo ukigeuka, jeshi linaloufuata nyuma linakuwa ndilo lililo mbele. Una kalenda vilevile: kuanzia Machi hadi Mei, masika yanaponyesha, jemadari huyu hana kazi, na kilele cha nguvu zake kinakuja mwishoni mwa kiangazi kirefu. Anamfaa mwandishi anayetaka vita vyenye misimu, na simkatai kwa hilo.

Wote wanne mbele ya kihamba kimoja

Ulinganisho wa maneno matupu hauchagulii mtu kitu, kwa hiyo tuwaweke wote mbele ya shabaha moja. Chukua kijiji cha kubuni kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, katika zama za mikuki: kiko juu ya mgongo wa ardhi kati ya makorongo mawili, kimezungukwa na vihamba, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, kinapata maji kwa mfongo, yaani mfereji, uliochimbwa kutoka juu korongoni, na chini ya nyumba kuna handaki ambamo wazee, watoto na mifugo hujificha vita vinapokuja.

Moto wa nyika unafika ukiwa mkali na kukwama. Mgomba umejaa maji. Majani makavu yanayoning'inia yataungua, lakini shina litabaki limesimama likitoa mvuke, na kihamba kilichotunzwa vizuri ni ukuta ambao moto wa porini hauupendi. Jemadari huyu ana njia mbili tu zilizobaki. Anaweza kuusukuma moshi uingie kwenye mdomo wa handaki, jambo la kikatili na la kweli. Au anaweza kusubiri miaka. Misitu ya juu ya mlima hukamata maji ya ukungu, na moto unaojirudia huusukuma mpaka wa juu wa msitu ushuke chini. Kwa hiyo akichoma erika kila kiangazi, mfongo utapungua wenyewe na kijiji kitamwendea kikiwa na kiu. Kati ya mbinu zote nilizotaja, hii ndiyo inayonifanya nimheshimu, ila inahitaji adui mwenye subira, na waandishi wengi humwandika akiwa na hasira.

Lava ya jemadari wa volkano itateremka kupitia makorongo mawili, na watu walio juu ya mgongo wataiona ikipita kulia na kushoto. Watapona siku hiyo. Ila banio la mfongo liko korongoni, nalo limekwenda, na majivu yameangukia malisho ya ng'ombe. Ushindi upo, lakini ni ushindi juu ya kijiji kitakachohamwa, na jemadari atabaki anatawala mawe meupe.

Jini linamaliza kazi kwa usiku mmoja. Linampanda mangi, yaani chifu wa Kichagga, au mkewe, linaamuru mlango wa ngome ufunguliwe, na alfajiri askari wako ndani. Hakuna kilichoharibika, na hapo ndipo tatizo la mtunzi linapoibuka, kwa sababu anayeweza kufanya hivyo mara moja anaweza kufanya hivyo katika kila kijiji, na riwaya inaisha ukurasa wa sitini. Utahitaji mganga, sala, hirizi au elimu ya kumzuia, na kuanzia hapo kitabu kinakuwa cha kinga na kuagua badala ya vita.

Mhunzi alishaingia kijijini miaka mitano kabla. Majembe wanayolimia ni yake. Mikuki iliyoegemezwa mlangoni ni yake, waliibadilisha kwa mbuzi na pombe ya ndizi, na wanaisifu kwa ukali wake. Siku ya vita anasimama ng'ambo ya korongo, hana haraka, na wanaume wa kijiji wanasikia mipini ikianza kupata joto mikononi. Anakitaka kijiji kikiwa hai, kwa kuwa wakulima ndio wanaowalisha wakata mkaa wake. Kati ya wanne hawa, yeye peke yake ana sababu ya kuzungumza na watu anaowashinda, na mazungumzo hayo ndiyo yanayoibeba riwaya ndefu.

Urefu wa mlima nao unawatenganisha, ikiwa utapenda kuipeleka vita kileleni. Kibo una mita 5,895, na huko juu kanieneo la hewa ni takriban nusu ya lile la usawa wa bahari. Moto wa nyika hauna cha kula baada ya vichaka kuisha. Mhunzi atalazimika kuongeza watu wa kuvuta mivukuto, na nguvu yake itapungua kila anapopanda, jambo zuri kwa shujaa anayekimbilia juu. Jini la moto usio na moshi halisumbuki, wala volkano, ambayo hapo iko nyumbani. Kuna ngano ya Kichagga inayofaa kukumbukwa hapa: Mawenzi alikuwa akizimikiwa na moto wake na kwenda kuomba kwa Kibo mara kwa mara, mpaka Kibo akachoka na kumpiga kwa mchi, ndiyo maana kilele chake kimechongokachongoka. Moto unaoweza kuzimika, na ambao mwenyewe hulazimika kwenda kuuomba kwa mkubwa wake, ni udhaifu wa bure kabisa kwa mtunzi, na unamfaa mhunzi kuliko wengine.

Uchaguzi kulingana na kazi

Kwa hadithi fupi ya maneno elfu tatu au nne, chagua jini. Msomaji anamjua tayari, hupotezi aya za maelezo, na ile kasi inayoua riwaya inasaidia pale ambapo kila kitu lazima kitokee usiku mmoja.

Kwa vibonzo, hasa vinavyochapwa kwa wino mweusi tu ili kupunguza gharama, hakuna wa kushindana na jemadari wa volkano aliyechukuliwa kutoka Lengai. Lava inayoshuka nyeusi na kugeuka nyeupe haihitaji rangi nyekundu, na mchoraji anaweza kuonyesha muda uliopita kwa kubadilisha weupe wa bonde pekee.

Hadithi ya vipande vya kila wiki, ile inayosomwa kwenye simu, inabebwa vizuri na moto wa nyika, kwa sababu una misimu na upepo, na kila kipande kinaweza kuishia pale upepo unapogeuka. Kwa mchezo wa kete mezani ningemchagua huyo huyo kwa sababu hiyo hiyo: kete moja ya mwelekeo wa upepo inatosha kumfanya adui awe hatari hata kwa anayemwongoza.

Kwa riwaya ndefu, mhunzi, wala sisiti. Anahitaji kazi zaidi ya utafiti, na sura za mwanzo zitakuwa na moto mdogo kuliko wasomaji wanavyotarajia, hivyo mwandishi aliyezoea kufungua kwa mlipuko atapata shida. Akivumilia atakuwa na adui mwenye biashara, mwenye madeni ya watu, mwenye watu wanaompenda kwa haki, na mwenye mpaka ambao mtoto mwenye kombeo anaweza kuuvuka.

Ukitaka kuchanganya, mseto wa jini na volkano usiujaribu, kwa kuwa mmoja yuko kila mahali na mwingine hawezi kuondoka mahali pake, na utatumia nusu ya kitabu kueleza kwa nini wa kwanza anamngoja wa pili. Mseto wenye uhai ni wa mhunzi aliye mkuu na pepo wa moto wa nyika aliye naibu wake. Naibu ana nguvu za kuonekana na askari wanamshangilia. Mkuu ana silaha na chakula. Na ugomvi wao utaanza siku ambayo naibu, akiwafukuza watoro wachache mwishoni mwa kiangazi, atakapouchoma msitu ambao mkuu wake alikuwa akikata mkaa.